Kulala hoteli ndogo Shanty Town, Moshi: uliza haya kabla hujatuma hela

Mwezi wa saba nilimpeleka mama kliniki ya macho hospitali ya KCMC, siku mbili mfululizo na zote asubuhi sana. Kwetu ni Marangu juu, ndugu wakaniuliza sasa kweli unamlaza mama hotelini wakati nyumbani ni hapo tu? Jamani mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, kushuka na kupanda kila siku kama kilomita 40 kwenda na 40 kurudi ni kumtesa. Nikasema safari hii tunalala Shanty Town, ni karibu na hospitali, kumetulia, miti mikubwa, na siku hizi nyumba nyingi za zamani zimegeuzwa hoteli za vyumba vichache.

Hoteli ya kwanza niliichagua kwa picha. Nilizungumza nao WhatsApp tu, nikatuma hela yote, nikaongeza na ya chumba cha kuangalia mlima. Tumefika, chumba kiko ghorofa ya pili na ngazi ni nyembamba, dirisha liko juu ya jenereta, umeme ukakatika saa mbili usiku basi hatukulala. Asubuhi maji ya kuoga ni ya baridi kabisa! Walikuwa wanategemea sola na mwezi wa saba Moshi wingu linaweza kukaa siku nzima, sasa sola itachemsha nini? Nikashuka jikoni kuomba ndoo ya maji ya moto, mama anasubiri na khanga yake kitandani. Niliumia sana siku ile. Mlima wenyewe hatukuuona.

Tulivyotoka kliniki tukahama, na safari hii nilipiga simu kwanza. Hapo ndo nilijifunza kwamba hoteli ya vyumba nane huwezi kuichagua kama hoteli kubwa, unachonunua ni wale watu wanne watano wanaofanya kazi pale, kwahiyo ongea nao uwasikie. Dada wa mapokezi nilimwambia nina mzazi haoni vizuri, akaniambia subiri, akapiga video, akanionyesha chumba cha chini, akafungua dirisha nione nje kuna nini, akafungua na bomba la bafuni. Maji yalikuwa ya hita ya umeme na wana jiko la gesi kama umeme ukikatika. Asiyetaka kukuonyesha chumba, achana naye.

Bei uliza ya mkaazi, na uitajiwe kwa shilingi. Tangu 2025 kanuni haziruhusu kutangaza bei za ndani kwa dola, ila ukikaa kimya unaweza kupewa bei ya mgeni wa kupanda mlima. Chai ya asubuhi nayo uliza saa ngapi, kwa sababu wengi wanaanza saa moja na mgonjwa wa kliniki saa hiyo anatakiwa awe ameshapanga foleni. Sisi walitufungia mayai, ndizi na chupa ya chai. Chakula cha usiku agiza mapema, mama aliagiza mtori mchana, jioni ukaja mzito kama wa nyumbani, kwakweli alikula akamaliza bakuli.

Usiku barabara za kule zinakuwa kimya na giza, usitoke kutafuta usafiri, mwombe mlinzi namba ya bajaji anayemfahamu. Na kama unakuja Desemba wakati Wachaga tunarudi nyumbani, au mwishoni mwa Februari kwenye Kilimanjaro Marathon, weka nafasi miezi kadhaa kabla la sivyo utalala mbali.

Kuhusu mlima, usilipie zaidi kwa ajili yake mwezi wa sita mpaka wa nane. Ukifunguka ni alfajiri au jioni, na barazani unauona bure. Siku ya kuondoka saa kumi na mbili na nusu yule dada alikuja kugonga taratibu, "shikamoo mama, njoo uone." Kibo ilikuwa wazi yote, Mawenzi kule kulia. Mama alisimama na jicho moja limefungwa bandeji, akaangalia muda mrefu, halafu akaniambia nimwandikie namba ya huyo binti kwa herufi kubwa, mwezi wa kumi anarudi kliniki na atapiga mwenyewe.