Maabara ya wingu chuoni: seva zinunuliwe mwisho

Mhadhiri mmoja ameniandikia. Chuo chake kimepata fedha za maabara ya utafiti wa kompyuta za wingu (seva zinazotumiwa kwa mbali kupitia mtandao), naye anauliza anunue seva za kampuni gani. Mwalimu, hilo ndilo swali la mwisho. Kwanza amua wanafunzi watachunguza nini.

Maabara ya utafiti si duka la kugawa mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja. Anayetaka mahali pa kuweka tovuti ya idara akakodi nje, atatumia kidogo. Mtafiti anataka kuivua seva nguo zote: abadilishe kerneli (kiini cha mfumo endeshi), aharibu, arudie jaribio lilelile kesho apate matokeo yaleyale. CloudLab ya Marekani, iliyofadhiliwa na National Science Foundation kuanzia 2014, humkabidhi mtafiti seva nzima ikiwa tupu, apakie mfumo endeshi anaoutaka. Chameleon, ya mwaka huohuo, hufanya hivyo kwa OpenStack, programu huria ya kuendesha wingu. Igeni utaratibu wao, ukubwa waachieni wenyewe.

Sasa umeme. Seva 10 zikila wati 400 kila moja ni kilowati 4. Kwa volti 230 hizo ni zaidi ya ampea 17, na soketi ya ukutani mwisho wake ni 13. Vuta laini za peke yake kutoka kwenye bodi kuu ya umeme. Habari ya ekstensheni isitajwe kabisa.

Wati zote hizo hugeuka joto: kilowati 4 ni kama BTU (kipimo cha joto) 13,650 kwa saa. Kiyoyozi cha 12,000 kimeshindwa kabla hakijawashwa. Funga viwili vya 18,000, kimoja kikifa kingine kibebe. Wengi hunaswa hapa: seva ziko kwenye UPS (betri ya akiba), viyoyozi haviko. Umeme ukikatika usiku, seva zinaendelea kuchemka ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo UPS ni ya dakika kama 10 tu, jenereta ishike au programu izime seva kwa utaratibu. Ijaribuni programu hiyo mchana, kwa kushusha swichi kuu kwelikweli. Isiyojaribiwa ihesabuni kuwa haipo.

Mitandao iwe miwili. Wa usimamizi, gigabiti 1, uende kwenye poti ya BMC ya kila seva (chipu ya kuisimamia kwa mbali hata ikiwa imezimwa), mwanafunzi asiuguse. Wa majaribio uwe gigabiti 10 au 25. Ukiichanganya, atakayekosea mpangilio mmoja atajifungia nje, na mtabeba kibodi na skrini hadi chumba cha seva kila wiki.

Kuna kosa moja linalokula siku nyingi kuliko yote. VXLAN, njia ya kupitisha mitandao ya mashine pepe juu ya mtandao halisi, huongeza baiti 50 juu ya kila pakiti. MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti, kwa baiti) ya mtandao halisi wa chini ikibaki 1500, na mashine pepe nazo zikadhani zina 1500, ping (pakiti ndogo ya majaribio) inapita vizuri, SSH (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inaanza kisha inaganda, faili kubwa haifiki. Kila mtu atalaumu ukuta wa usalama. Ama shusha MTU ya mashine pepe hadi 1450, ama pandisha ya chini hadi 9000 kwenye kila poti; ukiipandisha, hakikisha kati ya kila jozi ya seva:

ping -M do -s 8972

Hizo 28 zilizopungua kwenye 9000 ni vichwa vya IP na ICMP. Jozi moja ikikataa, kuna poti mmeiruka.

Kuhusu hifadhi, Ceph (programu inayounganisha diski za seva nyingi kuwa hifadhi moja) inasifiwa sana, lakini kwa seva 10 sioni sababu. Diski 12 za terabaiti 4 ni terabaiti 48. Ikitunza nakala tatu za kila kitu inakuachia 16, na onyo la kujaa huanza kwenye asilimia 85. Isitoshe inataka seva zake, na saa za seva zinazoendesha programu zake za usimamizi zikipishana sekunde 0.05 tu inalalamika. Tumia seva 1 kwa usimamizi, inakiliwe kila usiku, 1 kwa hifadhi yenye ZFS (mfumo wa kutunza faili kwenye diski za seva moja), na 8 ziachwe kwa majaribio. Utafiti unavumilia kusimama saa moja. Kinachouma ni kukosa seva ya kufanyia kazi.

Kila mkopo wa seva uwe na tarehe ya mwisho. Ikifika, diski ifutwe na mfumo upakiwe upya kwa PXE (seva kuwaka kupitia mtandao) bila mtu kugusa kitu; bila hivyo matokeo ya mtafiti wa pili yatachafuliwa na mabaki ya wa kwanza.

Na kwenye bajeti andika mshahara wa fundi, diski 2 za akiba na pawasaplai 1, kabla fedha za mradi hazijafungwa.