Ekseli ya foku ya shokapu inachongeka, shida iko kwenye hesi

Kwa aliyeuliza kama ekseli ya gurudumu la mbele la baiskeli, ile inayopita kwenye foku, ikipotea inaweza kuchongwa nyingine: inawezekana mkuu, fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma anakutolea nyingine, mi nilichongesha ya kwangu mwaka jana na bado naitembelea. Ila usimwambie tu "ni ya milimita 15" ukaondoka, maana hiyo 15 ni unene wa shafti, hesi, yaani yale meno ya kufungia kama ya skrubu, ni kitu kingine. Kwenye foku za RockShox, ekseli yao ya Maxle ya 15 ina hesi M15x1.5 (unene milimita 15, nafasi kati ya meno 1.5) lakini ya foku za Fox ya 15 inatumia M14x1.5, ukikosea hapo unakula hesi za mguu wa foku na ule mguu mara nyingi ni magnesiamu, laini kabisa, ukiharibika ni hasara kubwa kuliko ekseli yenyewe. Pima na habu yako pia (kile kitovu cha gurudumu), kuna ya upana wa milimita 100 na ile pana inayoitwa Boost ya 110.

Malighafi: aluminiamu 7075 (ile ngumu) au chuma kigumu. Ile aluminiamu ya fremu za madirisha kataa hata akikupa bure, inapinda, na hapo ndo gurudumu la mbele linaposhikiliwa. Chuma kinaongeza uzito kidogo tu.

Ikishatoka paka grisi uifunge kwa vidole kwanza, lazima iingie mizunguko kadhaa bila kulazimisha, ikigoma mzunguko wa kwanza toa urudi kwa fundi, usiguse spana. Kama foku yako ni ya Suntour yenye ekseli ya aina ya Q-LOC haya hayakuhusu, ile haina hesi kwenye mguu.