Barabara nyekundu ya jangwa la Australia

Ndugu zangu, mmeuliza kama ni kweli kwamba mtu akikubali kukaa porini Australia anapewa karatasi za ukaazi chapuchapu. Aliyewaambia hivyo amewapa nusu ya habari. Viza namba 491, ya wenye fani, ni ya miaka 5, sharti uishi na ufanye kazi nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane, na ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 3. Adelaide nayo inahesabika, hakuna anayewalazimisha kwenda jangwani. Ila kazi zenye posho nono ziko huko, kwa hiyo mtakwenda.

Basi ijueni njia. Oodnadatta Track, jimbo la Australia Kusini, ni kilomita 620 hivi za vumbi kutoka Marree hadi Marla. Katikati mafuta yanauzwa William Creek na Oodnadatta tu, kila kituo kama kilomita 200 kutoka kingine. Jaza tangi hata likiwa nusu. Maji lita 10 kwa mtu kwa siku. Matairi ya akiba mawili. Punguza upepo kidogo, maana rasta za barabara (vijituta vya vumbi vilivyofuatana) hulegeza nati na kupasua tairi lililojaa mno. Mtandao hakuna, beba simu ya setilaiti. Lori la matrela hufika mita 53: lipishe, kaa pembeni mpaka vumbi lishuke. Jioni paki, kangaruu na ng'ombe hujaa njiani. Mvua ikifunga barabara, ukipita ni faini. Na gari la kukodi soma bima kwanza, nyingi hazigusi njia ya vumbi.

Gari likikufia, usiliache! Desemba 1963, kwenye Birdsville Track, njia nyingine ya vumbi, familia ya wahamiaji Waingereza, watu 5, iliishiwa petroli ikaacha gari kwenda kutafuta msaada. Walikufa wote. Rubani huona gari, mtu hamwoni.

Sasa hizo karatasi zina historia yake. Marree ilikuwa mji wa ngamia. Wachunga ngamia wake, Waislamu kutoka Afghanistan na upande ambao leo ni Pakistan, walijenga msikiti wa udongo pale, na ngamia wa wenzao walisaidia kubeba shehena za laini ya simu ya maandishi iliyokamilika 1872. Oodnadatta Track yenyewe inafuata chemchemi ambazo Waarabana, wenyeji wa asili wa pale (si Waarabu), walizijua tangu kale. Haki yao juu ya ardhi ile mahakama iliitambua 2012 tu. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1901, mwenye ngamia akitaka kuwasalimia wazazi kwao alihitaji cheti chenye alama ya kiganja chake, la sivyo hakurudi. Wengi uraia walinyimwa. Nchi waliijenga wao! Hilo linaniuma.

Njooni lakini. Muuguzi au fundi mitambo aombe leo, anahitajika. Asiye na fani asiuze shamba la baba kumlipa wakala. Na mkataba usiotaja nyumba, gari na nauli ya kurudi mjini, msitie saini.