Kilo ya asali sio lita ya asali, pima kabla hujalipa

Wanaoanza biashara ya asali huwa wananiuliza chupa wapate wapi, lebo wachapishe wapi, mimi nawarudisha kwanza kwenye bei: uliyotajiwa ni ya kilo au ya lita? Maana maji ndo lita moja ina kilo moja. Mafuta ya kula ni mepesi, lita yake haifiki kilo, inacheza kwenye gramu 920 hivi. Asali ni nzito, lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa vizuri unabeba kama kilo 28, sio 20.

Sasa piga hesabu. Tuseme umenunua kwa kilo, 12,000, halafu unauza lita 15,000 na unajiona una faida ya 3,000. Ile lita imekula kilo 1.4, yaani imekugharimu 16,800, kila lita unapoteza 1,800 na ndoo nzima ni 36,000 imeondoka, bado hujalipa chupa wala nauli. Mtu anafanya hivi miezi anasema biashara ngumu, na inaniuma sana kwa sababu hesabu yenyewe ni densiti tu, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, ile ya form one.

Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali, sio ghali. Chukua chupa ya nusu lita, ipime ikiwa tupu, weka alama, jaza maji mpaka kwenye alama, utaona kama gramu 500 ukishatoa uzito wa chupa. Mwaga maji, ikaushe kabisa kabisa, jaza asali mpaka alama ileile na usubiri mapovu yapande. Inatakiwa ikupe kama 700 au juu yake kidogo. Ikikuletea 660 hapo kuna maji mengi, muulize muuzaji vizuri. Ila kipimo hiki hakikamati sukari iliyochemshwa, sharubati nzito nayo inaweza kukaribia uzito huo, na ile ya kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali halafu kuiwasha uone kama ni halisi mimi siiamini kabisa.

Alafu kuna asilimia ya maji, hapa ndo wengi wanaibiwa bila kujua. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya kawaida ni maji yasizidi 20%. Una kilo 10 zenye maji 18%, maana yake ndani tayari kuna kilo 1.8 za maji. Mtu akiongeza nusu lita tu, maji yanakuwa kilo 2.3 kwenye kilo 10.5, ambayo ni karibu 22%. Yeye atakwambia nimeweka kidogo tu, asilimia tano, lakini asali imeshavuka mstari na hiyo inaweza kuchachuka, utaona povu na chupa inavimba dukani kwa mteja. Kwa tofauti ndogo hivi mizani ya jikoni inaweza isikuonyeshe vizuri, tafuta refraktomita ya asali, unadondosha tone moja unasoma asilimia ya maji palepale.

Na mfuniko ubane muda wote hasa ukiwa Dar au Tanga, asali inavuta unyevu hewani yenyewe, ndoo ikikaa wazi ile 18% haibaki 18%. Kwenye lebo andika gramu, mteja akitaka kuhakikisha anaweka tu kwenye mizani.