Herufi nzito au herufi zilizokolezwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha vijana kutengeneza kurasa za intaneti hapa Ngamiani, Tanga. Tukifika kwenye boldi, yaani kufanya herufi zionekane nene na nyeusi zaidi, kila mmoja ana lake: "tia boldi", "boldisha", "nenepesha". Jana mmoja kaandika "maandishi nzito". Kiswahili chake hasa ni kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la jana, maana ndilo kosa lenyewe. Kivumishi -zito hufuata ngeli: herufi nzito, neno zito, mstari mzito, maandishi mazito. Kijana amezoea kusikia "herufi nzito", akaichukua "nzito" kama ilivyo akaipachika kwenye maandishi.

Kitenzi ninachokupa ni kukoleza. Siku moja pale soko la samaki Bagamoyo nilimkuta fundi akiandika jina la mashua ubavuni. Herufi zote zilikwisha kuandikwa kwa brashi nyembamba. Akarudi kwenye ya kwanza, akaipitishia rangi juu ya rangi mpaka ikajaa. Mwenye chombo akauliza mbona kazi haiishi. "Ngoja niikoleze, isije ikafifia." Neno lilimtoka bila kulitafuta, na ndilo lile lile la jikoni: moto hukolezwa, chumvi hukolezwa. Kitu kipo tayari, unakiongezea nguvu. Herufi nayo ni ile ile, imeongezwa wino tu. Ndiyo maana kwenye mitihani ya shule utakuta "maneno yaliyokolezwa".

Kunenepesha waachie wafugaji. "Tia boldi" siikatazi mdomoni, ila kwenye notsi za somo andika koleza.

Jihadhari na "maneno mazito". Mzee akisema maneno mazito barazani, watu huinamisha vichwa. Hakuna anayefikiria wino. Wala usiseme "herufi kubwa", kwani hiyo ni A badala ya a.

Sasa liko jambo ambalo vijana wako watafaidika nalo sana. HTML, lugha ya kuundia kurasa za intaneti, ina alama mbili, b na strong, na kwa kawaida macho huona matokeo yale yale. Lakini b huvuta jicho tu, strong hueleza kuwa maneno hayo ni muhimu. Kiswahili kinazitenganisha vizuri: ya kwanza ni kukoleza, ya pili ni kutilia mkazo. Katika ukurasa wa mapishi, jina la samaki "changu" ukitaka lionekane haraka, likoleze kwa b. Ukiandika "Usiogelee hapa maji yakijaa", hilo litilie mkazo kwa strong.

Na "nzito" haipotei. Katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa hizo, unene wa herufi hupimwa kwa uzito: 400 ni ya kawaida, 700 ni nzito. Basi kwenye kitufe cha boldi andikeni Koleza, kwa sababu kinaamuru tendo. Kinachotokea baada ya kukibonyeza kiiteni herufi nzito.