China kuingia Korea 1950, sio amri ya Stalin tu

Kaka umeandika China ilitumwa na Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, kwenda kupigana kwenye vita ya Korea Kaskazini na Kusini, hapana aisee, Stalin alisukuma kweli ila kilichowaumiza kichwa Wachina ni mpaka wao. Baada ya kutua bandari ya Inchon, Korea Kusini, Wamarekani na wenzao waliokuwa wanaisaidia Kusini walikuwa wanapanda tu kaskazini kuelekea mto Yalu, na ng'ambo ya huo mto ndo China yenyewe, tena Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, kwenye viwanda vyao. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alimwita balozi wa India usiku wa manane tarehe 3 Oktoba akamwambia kabisa Wamarekani wakivuka mstari wa 38 (mpaka wa Korea Kaskazini na Kusini) na sisi tunaingia, Washington wakaona ni mkwara. Tarehe 15 Jenerali MacArthur wa Marekani anamhakikishia Rais Truman kwamba Wachina uwezekano wa kuingia ni mdogo sana, siku 4 baadae jeshi la China chini ya kamanda Peng Dehuai linavuka Yalu usiku, mchana wanajificha ndege zisiwaone.

Mi kinachoniuma ni wale vijana wa Kichina waliopelekwa Chosin, ziwa la milimani Korea Kaskazini, baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri alafu mtu kavaa viatu vya kitambaa, wengine walikutwa wameganda kwenye mashimo yao bunduki bado wameishika. Mao mwenyewe, kiongozi wa China, alimpoteza mwanae Anying mwezi wa 11, bomu la ndege. Na Wakorea wenyewe ndo usiseme, Seoul peke yake ilitekwa mara 4, alafu Julai 1953 mapigano yanasimama mstari uko karibu palepale walipoanzia.