Mpiga solo si lazima asikike muda wote

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, umesema bendi yenu ya roki ina magitaa mawili, wewe unapiga solo, yaani gitaa la kuongoza, na mwimbaji analalamika kwamba unamfunika. Unauliza kama ushushe sauti.

Kushusha sauti peke yake hakutoshi. Tatizo, nionavyo, ni kwamba unapiga solo tangu wimbo unaanza hadi unaisha. Mwimbaji akiwa kwenye ubeti, kaa na ridhimu, yaani mapigo yanayoshikilia wimbo: piga kodi fupi (noti kadhaa kwa pamoja), au nyamaza kabisa. Akivuta pumzi mwisho wa mstari, hapo ndipo umjibu kwa noti mbili tatu. Nafasi yako kubwa ni utangulizi na ile sehemu ya katikati isiyo na maneno. Hapo panda, hata kwa kelele. Wasikilize AC/DC, bendi ya roki ya Australia: Angus Young alipiga solo, kaka yake Malcolm akashika ridhimu, na ile ridhimu ndiyo iliyobeba nyimbo. Mwenzako wa gitaa la pili si msaidizi wako.

Kwenye amplifaya, punguza kidogo sauti za kati, zisizo nzito wala nyembamba, wakati mwimbaji anaimba, maana gitaa na sauti ya mtu hugombania eneo hilohilo. Ukifika zamu ya solo, zirudishe.

Na kwa baridi hii ya Mbeya ya Juni na Julai, usitoe gitaa kwenye mfuko ukapanda nalo jukwaani moja kwa moja. Nyuzi zikipata joto la mikono na taa hulegea, na noti zinashuka chini ya pale ulipozipanga. Lipige kwanza dakika chache, kisha lipange upya.